Mwongozo kwa Anayetaka Kusomea Udaktari Kanada, na kwa Mama Yake

Mwongozo huu umeandikiwa watu wawili. Wa kwanza ni kijana wa Kiswahili aliyekulia Brampton, Edmonton au Ottawa, mwenye alama nzuri, mwenye huruma, na asiyezimia akiona damu. Wa pili ni mama yake, ambaye tangu mtoto yuko darasa la pili amekuwa akimwita "daktari" mbele ya wageni, na sasa kwenye kila harusi na kila arobaini anaulizwa daktari amefikia wapi. Baba naye anaweza kusoma akipenda. Kwa kawaida baba huulizia karo, na karo ndiyo sehemu rahisi.

Mama, tuanze na wewe, maana ndiye mwenye haraka. Kule nyumbani mambo yalikuwa magumu lakini yalieleweka. Mtoto anamaliza kidato cha sita na fizikia, kemia na biolojia zake, anaomba Muhimbili, akipata anasoma miaka mitano, anafanya mwaka wa mafunzo kazini, basi. Kenya anatoka na KCSE yake mkononi, serikali inampangia chuo. Mtoto hajafika hata miaka ishirini na keshavaa koti jeupe, picha imeshatumwa kwa ukoo mzima. Huku, anayemaliza sekondari hajaanza. Anatakiwa kwanza asome shahada nyingine, ya chochote, kwa kawaida miaka minne. (Quebec wana utaratibu wao, tutafika.) Ndipo aombe. Akipokelewa asome miaka minne tena, au mitatu akiwa chuo cha McMaster au cha Calgary. Halafu yafuate mafunzo ya hospitalini: miaka miwili kwa daktari wa familia, mitano au zaidi kwa daktari wa upasuaji. Hesabu hiyo ipigwe ukiwa umekaa. Na ni hesabu ya yule aliyepokelewa mara ya kwanza, kiumbe anayesimuliwa sana na kuonekana kwa nadra.

Kwa miaka mingi nchi hii yote, kubwa kuliko Tanzania mara kumi, ilikuwa na shule 17 za udaktari. Ya Toronto Metropolitan University ilifungua milango Brampton mwaka 2025, na Simon Fraser nayo imeanzisha yake Surrey, upande wa Pasifiki. Ukikusanya viti vyote vya mwaka wa kwanza, ni kama 3,000 katika taifa la watu milioni 40. McMaster peke yake hupokea maombi zaidi ya 5,000 kwa viti mia mbili na kidogo. Na hao 5,000 usidhani ni watu waliojaza fomu kwa mzaha. Kila mmoja wao alikuwa wa kwanza darasani kwake, na kila mmoja ana mama.

Hatua ya kwanza: zaliwa panapofaa

Watu wengi huchelewa kuanza maandalizi, yaani huanza baada ya kuzaliwa. Shule za udaktari za Kanada hulipiwa na majimbo, na kila jimbo hulea wake. Saskatchewan na Manitoba hutenga karibu viti vyote kwa watu wao. Memorial, kule Newfoundland, hutazama kwanza watoto wa hapo hapo. Dalhousie ina watu wake wa pwani ya Atlantiki. University of British Columbia, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa shule pekee ya udaktari katika jimbo lililofikia watu zaidi ya milioni 5, huwaachia wa nje hadi asilimia 10 tu.

Ontario ndiyo ilikuwa uwanja wa wote, mpaka Oktoba 2024, Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Doug Ford, alipotangaza kwamba kuanzia 2026 angalau asilimia 95 ya viti vitakuwa vya wakazi wa Ontario, vilivyobaki viwe vya Wakanada wa majimbo mengine, na wanafunzi wa kigeni wasipate kitu. Hao wa kigeni hawakuwa wakifika hata asilimia 1 ya wanafunzi wa udaktari jimboni. Wamefukuzwa kwenye chumba ambacho hawakuwamo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeshuka leo uwanja wa Pearson na watoto wadogo na mabegi manane, binamu yako anayekusubiri na pilau Scarborough usimsikilize. Pilau ipo, lakini ukila pilau ya binamu utakaa naye, na ukikaa naye mtoto atakulia Toronto, ambako kila nyumba ina mwombaji. Panda ndege nyingine uende Thunder Bay au Sudbury. NOSM, shule ya udaktari ya kaskazini mwa Ontario, huwapendelea waliokulia kaskazini na vijijini. Western, iliyo London (London ya Ontario, mama, si ile), imekuwa ikiwapa nafuu waliosoma sekondari kusini-magharibi mwa jimbo. Mtoto atatembea kwenda shule nyuzi 30 chini ya sifuri na atakulaumu kwa miaka kumi na miwili mfululizo, lakini atakuwa na anwani inayofaa.

Wewe uliyeko Arusha, Mombasa au Bujumbura, unayesoma haya kwenye simu kabla hujakanyaga theluji: karibu shule zote zinataka uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Vinginevyo faili lako halifunguliwi, hata kama una alama za kutisha. Anayekuahidi kwenye WhatsApp kwamba ana mtu wake ndani, na kwamba dola kidogo za usajili zitatosha, anakuuzia hewa. Hii ndiyo sentensi pekee ya mwongozo huu isiyo na utani.

Hatua ya pili: usiugue

Kijana, sasa zamu yako. Alama zako zinapelekwa OMSAS, ofisi ya Guelph inayopokea maombi ya shule zote za Ontario, na hapo zinapikwa upya. Asilimia 90 na kuendelea ni 4.0. Asilimia 85, ambayo mwalimu wako aliiandikia "safi sana", ni 3.9. Asilimia 79, ambayo mjomba wako angeichinjia mbuzi, ni 3.3, na ukiwa nazo mbili au tatu za namna hiyo anza kuzoea neno "maabara", maana unaweza kufanyia kazi huko muda mrefu. Wanaoingia Toronto huwa na wastani wa 3.9 na ushee. Tangazo la chuo linaweza kusema kima cha chini ni 3.6. Kima cha chini kimewekwa hapo kwa ajili ya kukusanya ada za maombi.

Kila shule ina hesabu yake. Ottawa imekuwa ikichukua miaka mitatu ya karibuni na kuipa uzito tofauti, wa mwisho ukihesabiwa mara tatu. Western imekuwa ikiangalia miaka yako miwili iliyo bora. Wengine hujumlisha yote, tangu siku ile ya Septemba uliyopotea njia ukaingia darasa la hesabu za watu wengine. Mwanafunzi mmoja, chuo kimoja, cheti kimoja, na GPA (wastani wa alama) nne tofauti. Usiulize ipi ni ya kweli.

Ushauri: usisome kitu kigumu. Daktari wa kesho anatakiwa awe na akili ya kudadisi, na njia bora ya kuilinda akili hiyo ni kuiweka mbali na somo lolote linaloweza kukupa 82. Kuna masomo ya mwaka wa kwanza yanayojaa dakika ile dirisha la usajili linapofunguka, na waliojaa humo hawana mapenzi yoyote na mada. Wana mapenzi na 95.

Na usiugue. Ukiugua, ugua Juni. Bibi akifariki Bagamoyo katikati ya Novemba, muhula umechanganya, utasikiliza hitima kwa simu, kwa sababu ukipunguza masomo muhula huo kuna shule zitakazouliza kwa nini hukubeba mzigo kamili, na ukienda ukarudi na 74, hakuna safu ya fomu yenye nafasi ya bibi. Wengine huandika barua ya maelezo. Barua husomwa. Namba nayo husomwa, na namba ni fupi.

Hatua ya tatu: soma habari usizozipenda

Mtihani unaitwa MCAT, ni wa Wamarekani, na ukijumlisha mapumziko unakaribia saa saba na nusu. Alama zinaanzia 472 na kuishia 528, na nimeacha kujiuliza kwa nini. Sehemu tatu ni sayansi, pamoja na saikolojia na sosiolojia, na hizo mtoto wetu atazikariri. Sehemu ya nne, CARS, haikaririki. Ni vifungu vya kusoma kuhusu falsafa, sanaa, historia, maadili, chochote isipokuwa tiba. Maswali 53 kwa dakika 90. Kijana aliyezungumza Kiswahili na bibi, Kirundi na baba na Kiingereza na dunia, anatakiwa aseme mwandishi wa makala kuhusu usanifu wa makanisa angekubaliana zaidi na sentensi ipi kati ya nne zinazofanana.

Nina heshima kwa sehemu hiyo, nikiri. Daktari asiyejua kusoma kati ya mistari ni hatari. Lakini tazama McMaster ilivyoitumia kwa miaka: katika kuchagua wa kuitwa kwenye usaili, GPA ilibeba asilimia 32, CARS 32, mtihani mwingine uitwao Casper 32, na 4 zilizobaki zikaenda kwa wenye shahada za juu, ambapo ukipata uzamivu unazichukua zote. Miaka minne ya chuo ina uzito wa dakika 90 za kusoma. Miaka mitano ya uzamivu ina uzito wa kupanda lifti badala ya ngazi. (Ottawa na NOSM hazidai MCAT kabisa, wala shule za Kifaransa za Quebec. Ndiyo maana nazo zimefurika.)

Casper yenyewe ilizaliwa huko huko McMaster. Unaonyeshwa kisa, kisha unapewa dakika chache za kuandika au kusema ungefanya nini. Hapa watoto waliolelewa vizuri ndipo wanapoponzwa na malezi. Chukua kisa cha aina hii: mkubwa wako kazini, mtu mzima, amekosea mbele ya wateja, utafanya nini? Jibu la nyumbani ni kwamba hutafanya kitu, utamtafutia kiti. Jibu linalotakiwa ni kwamba utamwomba faragha, utamsikiliza bila kumhukumu, utamweleza wasiwasi wako, utatafakari kama kuna mazingira usiyoyajua, na ikibidi utapeleka ngazi ya juu. Yote hayo uyapige chapa kabla saa haijagonga. Matokeo huja kama robo tu: uko robo ya juu au ya chini, bila kuambiwa ulikosea wapi. Kuna vijana wapole kabisa, wanaobeba mizigo ya wazee kwenye basi, walioambiwa kwamba kwa utu wamo robo ya mwisho.

Hatua ya nne: ishi maisha 32

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fomu ya OMSAS ina sehemu ya kueleza wewe ni nani. Una nafasi 32. Kila nafasi ni shughuli moja, uliyoifanya tangu una miaka kumi na sita, kwa herufi zisizozidi 150 pamoja na nukta. Ajira, kujitolea, utafiti, michezo, tuzo, vyote. Na kila kimoja kiwe na shahidi mwenye simu na barua pepe, atakayeweza kupigiwa aulizwe kama kweli ulicheza mpira wa vikapu mwaka ule.

Waliojaza vizuri huwa na sura inayofanana. Kuna saa nyingi katika nyumba ya wagonjwa wasiopona, Jumamosi. Kuna viangazi viwili katika maabara ya profesa, bila mshahara. Kuna ala ya muziki, na ngazi zake za mtihani. Kuna timu, na katika timu hiyo wao ndio manahodha. Sijawahi kusikia timu ya Kanada iliyo na mchezaji wa kawaida. Na kuna safari ya wiki mbili Afrika, ya kulipia, kujenga darasa au kuchimba kisima, yenye picha.

Sasa mtoto wa mama yetu. Amezaliwa Kigoma, kambini, na kabla hajaja huku alichota maji kila siku ya maisha yake. Kile kisima cha wenzake ni tukio la uongozi. Cha kwake hakina shahidi. Hapa Kanada alifanya kazi ya usiku kwenye duka la kahawa ili kusaidia kodi ya nyumba, na kila alipopata nafasi alimsindikiza shangazi kliniki kumtafsiria, akiwa na miaka kumi na sita akalazimika kumweleza mtu mzima wa heshima, kwa Kiswahili chenye staha, kwamba uvimbe si mzuri. Kama kuna mafunzo ya udaktari zaidi ya hayo sijayaona. Lakini shughuli hiyo haina cheti, na ndugu ni shahidi wa mwisho kabisa wa kutafutwa. Andika hivi hivi, herufi 150: "Mkalimani wa kujitolea wa jamii, huduma za afya." Shahidi: katibu wa msikiti au mzee wa kanisa. Si uongo. Ni kulivalisha suti jambo lililokuwa limevaa kanga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada uliwaangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, ukakuta wametoka zaidi katika nyumba zenye kipato kikubwa na wazazi waliosoma kuliko Wakanada kwa jumla. Wengi walishtuka. Aliyewahi kujaza zile nafasi 32 hakushtuka. Kazi ya bila mshahara hufanywa na mwenye chakula. Maabara ya profesa huingiliwa na anayejua kumwandikia profesa, na hiyo hujulikana mezani, wakati wa chakula cha jioni, kwa mtoto ambaye baba yake ni profesa.

Mama anaingilia: kwani madaktari wametosha?

Swali zuri, mama. Hawajatosha. Mamilioni ya watu katika nchi hii hawana daktari wa familia. Wewe mwenyewe ulisubiri miaka, na ukiumwa unapanga foleni kwenye kliniki ya yeyote. Nchi inalia haina madaktari na wakati huo huo inawarudisha mlangoni maelfu ya watoto wenye 3.9.

Uhaba huu ulipangwa na watu waliokaa mezani. Mwaka 1991 wachumi wawili wa afya, Morris Barer na Greg Stoddart, waliandika ripoti kwa ajili ya mawaziri wa afya, yenye mapendekezo mengi yaliyoshikana. Mawaziri wakaipenda zaidi ile sehemu iliyokuwa na nafuu kwa hazina, na kuanzia 1993 viti vya mwaka wa kwanza vya udaktari vikapunguzwa kama asilimia 10. Wanafunzi ambao hawakuingia mwaka ule ndio madaktari ambao hawakuwapo ulipowahitaji. Viti vimeongezwa tangu hapo, ila huwezi kumrudisha mtu aliyekwisha kuwa mhasibu.

Na mlango wenyewe una historia ya bawabu mkali. Emily Stowe aliomba kusomea udaktari Toronto miaka ya 1860 akakataliwa kwa kuwa mwanamke; akaenda New York, akahitimu 1867, akarudi kutibu, na leseni rasmi akaipata 1880. McGill katika miaka ya 1920 na 1930 iliwawekea Wayahudi kikomo. Queen's, Kingston, ilipiga kura mwaka 1918 kuwazuia weusi kusomea udaktari, ikaitekeleza mpaka 1965, na uamuzi wenyewe ukabaki vitabuni hadi 2018 ulipofutwa. Radhi ikaombwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kijana ukiingia pale ukaona picha za wahitimu wa zamani ukutani na ukajitafuta, usiyalaumu macho.

Mwaka 2016 Chika Oriuwa, binti wa wazazi wa Kinigeria, aliingia darasa la udaktari la Toronto lenye wanafunzi 259 na kujikuta mweusi pekee. Mwaka 2020 alihitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Kwa msimu huo huo darasa jipya lilipokea wanafunzi weusi 24. Katikati hapo shule ilianzisha njia maalumu ya maombi kwa wanafunzi weusi: GPA ile ile, MCAT ile ile, hakuna viti vilivyotengwa, ila kuna insha ya ziada, na faili husomwa pia na watu weusi. Shule nyingine kadhaa zimeiga. Soma tena sharti la mwisho. Kumbe ilitosha msomaji awe mtu anayeelewa kwa nini mtoto alikuwa akimtafsiria shangazi.

Hatua ya tano: simama mlangoni

Ukipita hapo unaitwa kwenye usaili. Usitarajie wazee watatu na maji ya chupa. Huu nao ni uvumbuzi wa McMaster, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na umeenea duniani: milango kadhaa, nyuma ya kila mlango mtu mmoja na swali moja. Unasimama nje dakika mbili ukisoma swali, kengele inalia, unaingia, unazungumza dakika nane hivi, kengele inalia, unatoka, mlango unaofuata. Siku hizi mara nyingi hufanyika kwa kompyuta, na mlango ni wa kufikirika, lakini jasho ni la kweli.

Hapa kuna habari njema kwa waswahili. Kuzungumza dakika nane juu ya jambo ulilolijua dakika mbili zilizopita ni fani tuliyozaliwa nayo barazani. Tatizo letu ni salamu. Ukianza kumjulia mtahini hali, na familia, na baridi ameionaje, dakika tatu zimekwenda.

Queen's, ambayo safari hii nitaisifu, imekata shauri kwa namna nyingine. Kuanzia maombi ya kuingia mwaka 2025, anayefikisha viwango vilivyowekwa anatumbukizwa kwenye bahati nasibu, na kura ndiyo inayoamua nani afikiriwe kwa usaili. Watu walikasirika sana. Mimi naona ni shule ya kwanza kusema hadharani kinachofanyika kote: ukishafika 3.9 na kuendelea, tofauti kati ya wa mia mbili na wa mia nne ni hali ya hewa. McMaster nayo ilipofuta usaili kwa ajili ya korona mwaka 2020 ilitumia kura kwa sehemu ya viti, na waliopita kwa kura wanatibu watu leo kama wengine.

Njia za kuzunguka

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Bujumbura wamekuwa wakitusikiliza huku wakitabasamu. Quebec, mtoto anatoka sekondari anaingia CÉGEP miaka miwili, na kutoka hapo anaweza kuomba udaktari moja kwa moja bila shahada ya kwanza, na baadhi ya shule humpitisha kwanza mwaka wa maandalizi. Kinachomhukumu ni alama iitwayo "cote R", inayopima umewashinda wenzako kwa kiasi gani na wenzako hao wana akili kiasi gani. Ottawa ina mkondo wa Kifaransa, na McGill ilifungua kampasi ya Kifaransa Gatineau mwaka 2020. Kile Kifaransa ambacho Mtanzania alikuwa akimcheka Mkongomani nacho kimegeuka mtaji. Usikimbilie kujifunza sasa, mama. Wanataka ukaazi wa Quebec pia, na lafudhi ya mtoto wako itawachekesha kabla ya kuwashawishi.

Njia ya pili ni ng'ambo: Ireland, Australia, Poland, visiwa vya Karibiani. Mlango ni mpana na karo ni ndefu. Anayerudi na shahada hiyo, hata kama alizaliwa Mississauga, anahesabiwa kuwa daktari aliyesomea nje, na nafasi za mafunzo ya hospitalini anazigombania kwenye mkondo mwembamba wa wenzake wa nje. Ontario ikimpa nafasi humsainisha kufanya kazi jimboni miaka mitano, mahali panaporuhusiwa.

Kwenye mkondo huo huo utamkuta baba. Yule baba aliyesomea udaktari Lubumbashi, aliyezalisha akina mama kwa taa ya kandili, na ambaye amefaulu mitihani ya Kanada na bado anasubiri nafasi ya mafunzo, huku akifanya kazi ya usiku ghalani. Mtoto anasoma MCAT meza moja naye. Baba anamweleza figo inavyofanya kazi, vizuri kuliko kitabu, halafu anatazama saa na kuchukua jaketi.

Jumanne ya pili ya Mei

Ontario hutoa majibu siku moja, Jumanne ya pili ya Mei, asubuhi. Siku hiyo mama usipige simu. Shangazi wa Tanga naye mwambie asipige.

Majibu ni matatu. La kwanza ni ndiyo, na ukilipata utashangaa jinsi benki iliyokunyima mkopo wa gari la mitumba inavyokukimbilia na mkopo wa dola zaidi ya 300,000, kwa tabasamu. La pili ni orodha ya wanaosubiri. Hiyo ni daladala la Mbagala jioni: konda amekwambia nafasi ipo, mguu mmoja uko ndani, na gari haliondoki mpaka Agosti. Kazi usiache, nyumba usipange, harusi ya mtu usiahidi kuhudhuria.

La tatu ni hapana, kwa aya moja yenye adabu, isiyotaja sababu. Ndilo wanalopata wengi, na wengi hao huomba tena. Dirisha la maombi hufunguka kiangazi hicho hicho na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Zile nafasi 32 zinataka kujazwa upya, na ada inalipwa upya. Barua za mapendekezo za mwaka jana nazo hazifai: wafuate tena wale watu watatu waliokuandikia, profesa, msimamizi wa maabara na bosi wa duka la kahawa, uwaombe kama vile hamjawahi kuonana. Mama atataka kuwapelekea sambusa. Zipelekwe barua zikishatumwa.